Wananikamua, lakini wananiambia mwisho ni wapi

Ikifika katikati ya Oktoba sanduku langu la barua hapa Houston halifungi tena. Karatasi za makampuni ya bima ya afya ya wazee, zote zina picha ya babu na bibi wanacheka juu ya baiskeli, kana kwamba uzee ni mashindano ya meno meupe. Simu nayo hailali. Kijana wa sauti tamu analivunjavunja jina langu, halafu ananiuliza kama nimeshachagua mpango wa mwaka ujao. Msimu wao unaanza 15 Oktoba na kuisha 7 Desemba. Mimi natimiza miaka 65 mwaka 2026 na nina muda wangu mwenyewe wa kujiandikisha, miezi saba inayouzunguka mwezi niliozaliwa, lakini kijana hilo halimhusu. Yeye anauza.

Mwaka huu nikaamua kuzisoma zile karatasi badala ya kuzitupa. Nimekaa miaka mingi nikihudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, nimeona bili zinavyowaliza watu wazima, kwa hiyo nilishika kalamu. Nilitarajia kukasirishwa na bei. Kilichonikasirisha ni mstari mmoja katikati ya ukurasa: kiasi cha juu kabisa utakachotoa mfukoni mwako kwa mwaka mzima. Mbele yake, namba. Sheria inasema kwa 2026 mipango hii ya Medicare Advantage, bima ya wazee inayoendeshwa na makampuni binafsi, haiwezi kukutoza zaidi ya dola 9,250 kwa matibabu ndani ya mtandao wao, yaani hospitali na madaktari walioingia nao mkataba, na mingi inaweka chini ya hapo. Ukishafika, basi. Wanalipa wao hadi Desemba iishe.

Nikamkumbuka kaka yangu Morogoro. Mwalimu mstaafu, kikotoo cha pensheni kimeshampitia, mnajua. Nikajiuliza ukomo wake yeye umeandikwa wapi. Haujaandikwa popote. Ukomo wa kaka yangu ni ule ujumbe wa saa tisa usiku, "mdogo wangu, umelala?"

Najua wapo walioshaanza kuvuta pumzi ili waniambie Marekani watu wanafilisika kwa bili za hospitali. Wanafilisika, kweli. Sijaja kuwauzia Marekani. Nipeni nafasi niwaeleze jinsi wanavyonikamua, kisha mtukane mkiwa na taarifa kamili.

Medicare ni bima ya afya ya serikali kwa wazee. Rais Johnson aliitia saini Julai 1965, na sisi tuliofanya kazi huku tunakatwa kwenye kila mshahara kwa ajili yake. Ukikatwa kwa miaka kumi, sehemu A, ile ya kulazwa, huilipii ada ya mwezi. Waliokuwa wakilipwa mkononi, na tunajuana, huja kugundua uzeeni kwamba ile miaka haihesabiki. Asiye na makato ya kutosha anaweza kutakiwa kulipa hadi dola 565 kwa mwezi kwa hiyo sehemu A peke yake. Na ukimleta mama yako kwa Green Card akiwa na miaka 70, anasubiri miaka mitano ndipo aruhusiwe hata kuinunua. Mitano! Wengi wetu tunawaleta wazazi bila kulijua hilo.

Sehemu B, ya madaktari na vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi, ina ada kwa kila mtu. Kwa 2026 ni dola 202.90 kila mwezi, karibu laki tano zetu, na wanaikata kwenye pensheni yako ya Social Security kabla hujaiona. Ukilazwa, unatangulia kutoa dola 1,736. Ukienda kwa daktari, dola 283 za mwanzo wa mwaka ni zako. Baada ya hapo serikali inalipa asilimia 80 na wewe 20.

Hiyo 20 ndiyo inayoua, kwa sababu haina mwisho. Tuseme mtu anapata saratani, Mungu apishe mbali, na dawa za kuingizwa kwenye mshipa zinafika dola 60,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hapa si cha ajabu hata kidogo. Asilimia 20 ni dola 12,000. Zikifika 100,000, unadaiwa 20,000. Medicare tupu ndivyo ilivyo, haina kikomo. Nilipolielewa hilo, kile kiburi changu cha "huku kila kitu kina utaratibu" kilipungua kidogo.

Ndipo wanapokuja watu wa baiskeli na njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni Medigap, bima binafsi inayoziba matundu. Mipango yake ina majina ya herufi, na wengi wanaojiunga sasa hivi wanachukua G. Bei nilizoletewa mimi zinacheza kwenye dola 150 kwa mwezi, juu ya ile 202.90. Ukishatoa zile 283 za mwanzo wa mwaka, zile asilimia 20 zinalipwa na G, za dola elfu moja au za dola laki. Daktari yeyote nchini anayepokea Medicare, unaenda, huombi ruhusa ya mtu. Njia ya pili ndiyo hiyo Advantage. Mingi haina ada ya ziada kabisa, tena wanakuongezea miwani na meno, vitu ambavyo Medicare yenyewe haigusi. Wewe unafungwa kwenye mtandao wao wa hospitali, na kwa matibabu mazito unangoja kibali, unalipa kidogo kidogo kila unapoingia mlangoni, hadi ule ukomo.

Nikapiga hesabu. Mwaka wa afya njema, mtu wa Advantage anatoa ada ya B tu, kama dola 2,435, na vijisenti vya mlangoni. Mtu wa G anatoa zaidi ya 4,200 bila hata kukohoa. Mwaka wa saratani, mtu wa G anaishia karibu 4,500. Wa Advantage anaweza kufika 11,700. Dawa za nyumbani zina hesabu yake pembeni, sehemu D, na huko nako tangu 2025 wameweka ukomo, kwa 2026 ni dola 2,100 kwa mwaka. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Hiyo ya insulini nilimsomea kaka kwenye simu, akanyamaza, halafu akaniuliza hali ya hewa.

Na mtego upo. G unauziwa bila kuulizwa ugonjwa katika miezi sita ya kwanza tu, tangu utimize 65 ukiwa na sehemu B. Miezi hiyo ikipita, hapa Texas kampuni ina haki ya kukuchunguza na, mara nyingi, kukukataa. Kwa hiyo watu wanaingia Advantage wakiwa wazima kwa sababu ni bure, wanaugua wakiwa na miaka 72, wanataka kuhama, wanakuta mlango umefungwa. Nimewafuta machozi watu wa namna hiyo kazini. Wazungu, weusi, Wameksiko, wote.

Haya. Mmeona kwamba nakamuliwa. Sasa turudi kwa Mwalimu.

Hapa nitajivunia nyumbani, na sitaki mtu anikatishe. Kaka yangu alikatwa asilimia tatu ya mshahara wake, mwajiri akaongeza tatu, na alipostaafu NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikambakizia kadi, yeye na shemeji yangu, hadi mwisho wa maisha yao bila kuchangia tena hata senti. Nimewaeleza Wamarekani kazini, wakadhani natania. Mstaafu asilipe ada ya mwezi? Na mkewe pia? Huku mume na mke kila mmoja anakatwa 202.90 yake. Nikawaambia ndiyo, ni Tanzania hiyo, nchi mnayoiuliza kama ina barabara. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Kisha kaka anaenda hospitali na kadi yake. Foleni, sawa. Daktari anaandika dawa, sawa. Dirishani anaambiwa hii haipo, hii imeisha, hii haimo kwenye kitita, ile orodha ya vinavyolipiwa na bima, kanunue nje. Mnalijua hilo "kanunue nje", sina haja ya kulieleza. Alipovunjika nyonga, kulazwa kulikuwa bure na kitanda kilikuwa bure, ila kifaa cha kuwekewa akaambiwa atafute mwenyewe. Bei ilitajwa kwa mdomo. Kesho yake ikatajwa nyingine. Kundi la ukoo likafunguliwa WhatsApp, jina "Matibabu ya Mwalimu", mweka hazina akateuliwa ndani ya nusu saa. Kwa michango tu tuko hodari.

Na hao ndio wenye kadi. Machi 2024 hospitali binafsi zilipogoma kupokea watu wa NHIF kwa kukipinga kitita kipya, wastaafu waliogeuzwa mlangoni walikuwa na kadi mikononi, hai, zenye picha zao. Jirani ya kaka, aliyelima maisha yake yote, ana ule msamaha wa wazee wa zaidi ya 60 wasio na uwezo. Msamaha unamfikisha hadi kwa daktari. Daktari hana dawa mfukoni.

Sasa nasikia mtu anasema, "Huyu ameshakula baga, anatudharau." Ndugu yangu, ningekuwa nadharau nisingejua bei ya dawa za presha Morogoro. Naijua kuliko ya Houston, kwa sababu ya huko ndiyo ninayolipa.

Mwingine atasema nchi yetu ni maskini, tusijilinganishe. Tatizo langu si pesa. Kuandika namba hakuhitaji utajiri. Mfuko unaweza kusema: mstaafu, kwa mwaka, hutatoa zaidi ya laki tatu, au laki nane, au milioni, semeni mnachoweza, ikizidi hapo lipeni nyinyi. Hata ikiwa kubwa, nitaiweka akiba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, na mijadala yote niliyoisikia ni ya mtu atachangia kiasi gani ili aingie. Mara elfu thelathini za CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, mara kiasi kipya. Ya kuingilia tumeijadili sana. Mtu akishaingia, mfukoni kwake inatoka kiasi gani mpaka aseme sasa imetosha, hilo sijasikia mbunge akisimama kulidai.

Wa tatu, huyu ni mjomba kabisa, atasema undugu ndio bima yetu, Wazungu wanaandika namba kwa sababu hawana ndugu. Shikamoo mjomba. Hiyo bima ya undugu ina wanachama wangapi wanaochangia kweli? Tuhesabu pamoja. Kwenye kundi letu wanaosema "Mungu amponye" ni wengi, wanaotuma ni walewale kila safari, na mmoja wao anaandika maneno haya. Na mimi mwenyewe ndiyo naingia uzeeni. Nikiugua, pensheni ya Houston itamlipia nani kwanza?

Halafu kuna lile la "basi rudi ukaonje." Nitarudi. Nina kiwanja, nina msingi, mbuzi wa majirani ndio wanaoishi humo kwa sasa. Nimepanga miezi sita huko, sita huku, karibu na wajukuu. Lakini nilipouliza Medicare inafanyaje kazi Tanzania, jibu lilikuwa fupi: haifanyi. Nje ya Marekani hailipi, isipokuwa kwa hali chache sana, na Morogoro haimo. Mpango G wenyewe unasaidia dharura ya safarini kwa asilimia 80, siku 60 za mwanzo za safari, baada ya kutoa dola 250, na kwa maisha yote hauvuki dola 50,000. Siku ya 61 mimi na Mwalimu tuko foleni moja, ila yeye ana kadi ya NHIF na mimi sina. Nitaanza kujiandikisha upya uzeeni kama mgeni, au nilipe taslimu.

Nimeshaamua nachukua G, japo ndiyo inayoumiza kila mwezi, kwa sababu naujua mwisho wake na sitaki wanangu wafungue kundi. Sehemu B nitailipia mwaka mzima, pamoja na miezi ya Morogoro ambayo haitanitibu hata mafua. Nikiiacha kisha nikaitaka tena, wananiongezea asilimia kumi ya ada kwa kila miezi kumi na miwili niliyokaa bila, na nyongeza hiyo hainiachi tena. Kwa hiyo nitakuwa nalipa karibu laki tano kwa mwezi kwa kadi isiyofanya kazi nilipo, huku namtumia kaka hela ya dawa kwa kadi yake inayofanya kazi alipo. Haya, anayesema naringa ajitokeze anionyeshe ni wapi hapo.