Usimuue kwanza mgeni aliyekuja na jiwe

Jiwe la matumbawe la kuweka kwenye tangi la samaki wa baharini likipandishwa Arusha au Moshi kutoka pwani, halifiki peke yake. Vitunduni mna minyoo, kaa na konokono ambao hukuwaagiza. Wafugaji wengi wakimwona mmoja tu, wanakimbilia dawa. Naipinga tabia hiyo: dawa inaua walio wema na wabaya pamoja, kisha mizoga inajaza tangi sumu ya amonia.

Anayeonewa zaidi ni mnyoo wa miiba, wa rangi ya waridi au kahawia, mwenye vishungi vyeupe ubavuni. Kazi yake ni kula mabaki na mizoga. Wakizidi, punguza chakula cha samaki, watapungua wenyewe. Vishungi vinachoma, kwa hiyo vaa glavu. Vikikuingia, bandika selotepu kisha ibandue. Wa kuogopa ni mnyoo aitwaye Eunisi, ambaye baadhi ya jamii zake hula matumbawe. Huyo ana vipapasio vitano kichwani na mwili unaometameta. Basi tazama kichwa kabla ya kuhukumu.

Mchana hutaona kitu. Ngoja saa moja au mbili baada ya kuzima taa, funika tochi kwa plastiki nyekundu, kwani wengi wao hawauoni vizuri mwanga huo. Kaa akitokeza, angalia magando: ncha zilizobonyea kama kijiko ni za kukwangua mwani, mwache, ncha kali nyeusi, mtoe. Ukisikia mlio mkavu kwenye kioo, usikurupuke. Kamba mwenye gando moja kubwa hana neno. Aliyekunja miguu ya mbele kama vunjajungu ndiye atakayemaliza konokono na samaki wako.

Aiptasia, anemoni (mnyama laini anayefanana na ua) wa kahawia anayenywea ghafla akiguswa, sina huruma naye. Lakini usimkwangue, maana kipande cha mguu kikibaki kinaota mwingine. Zima pampu. Koroga hidroksidi ya kalsiamu safi (si chokaa ya ukutani) na maji kidogo hadi iwe uji mzito, ivute kwa bomba la sindano, mfunike mdomo polepole, subiri dakika 15 ndipo uwashe. Kwenye tangi la lita 100, watatu kwa siku wanatosha, kwa sababu uji huo unapandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji.

Usiyemtambua mhamishie ndoo yenye maji ya tangi hilohilo, nyuzi 25, na hita iwepo, hasa Juni na Julai. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Tanga, hivyo pampu ya hewa isizimwe. Weka ya betri kwa ajili ya umeme kukatika.

Ukipiga picha ya kuwaonyesha wenzako, weka rula kando. Konokono mweupe wa milimita 2 anayeng'ang'ania ukingo wa kombe, mnyama wa magamba mawili, kila usiku huenda anamnyonya, na bila kipimo atadhaniwa mtoto wa konokono mla mwani.