Sumukuvu katika Maziwa ya Tanga: Tupime Ndoo au Gunia?

Mfugaji wa Muheza anapofikisha maziwa kituoni asubuhi, hupimwa kama yametiwa maji au yameanza kuchacha. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu (ukungu) waotao kwenye nafaka na vyakula vya mifugo, haigunduliwi na vipimo hivyo, haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi.

Ndiyo maana wapo wanaotaka kila kituo kipime sumu hiyo na kuyakataa maziwa yaliyozidi kiwango. Hoja yao ni nzito. Ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu ya aina ya B1, ini lake huigeuza kuwa aina nyingine, M1, na kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya alichokula hutokea katika maziwa. Ni kidogo, lakini anayeyanywa kila siku ni mtoto, na sumukuvu husababisha saratani ya ini. Vifo vya sumukuvu vilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016 vilitokana na mahindi, si maziwa. Hata hivyo, pumba za mahindi ndizo tunazowalisha ng'ombe wetu.

Tatizo ni kwamba maziwa yaliyokataliwa hayamwagwi. Mfugaji mwenye deni atampa mchuuzi wa baiskeli, na kabla ya jua kuchwa yatakuwa yamenyweka mjini Tanga, Ngamiani au Makorora, bila kipimo chochote. Tena hasara yote itamwangukia yeye, ambaye hakuwa na namna ya kuitambua sumu, ilhali aliyemuuzia pumba na mashudu yaliyolazwa sakafuni, katika unyevu huu wa pwani, amekwisha kutia fedha mfukoni.

Wengine hutaka tuache kiwango cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 0.5 za M1 kwa kilo ya maziwa tufuate cha Ulaya, 0.05. Wanasahau kwamba huko chakula cha ng'ombe wa maziwa nacho kina ukomo wake, mikrogramu 5 za B1 kwa kilo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuanzia: shehena moja ya pumba hulisha mabanda mengi, na kuipima kabla haijagawanywa ni rahisi kuliko kupima kila ndoo.

Kipimo cha maziwa kisiachwe, bali kikionyesha sumu, gunia lifuatwe hadi dukani, na mfugaji aambiwe siku hiyo hiyo abadilishe chakula, kwa kuwa M1 hupungua sana ndani ya siku chache. Maziwa ya siku hizo yamwagwe, na aliyeuza chakula kibovu ayalipie.