Mjusi wa Lindi hajaniuliza kibali

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu kumwona mjusi. Mnajua mjusi ninayemsema: yule dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, anayezuka bungeni kila baada ya miaka michache kisha anasahauliwa. Hapa Berlin, Ujerumani, mifupa yake imesimama katikati ya ukumbi wa makumbusho, mita 13 na sentimita 27 kwenda juu, na chini yake watu wameinua simu utadhani bibi harusi anaingia.

Mimi kwanza nikaangaza huku na huku. Mazoea. Simu nimeificha nusu kiganjani, namtafuta mlinzi kwa macho. Naye akaja kweli, akaomba simu. Nikajua imeshaliwa. Kumbe anataka kutupiga picha mimi na binti! Akarudi nyuma, akapiga magoti sakafuni ili shingo ya mjusi iingie yote. Alichotukataza ni flashi tu.

Sasa mwaka juzi, nilipokuja likizo, nilimpeleka binti huyu huyu kwenye makumbusho moja hapo nyumbani, sitaitaja. Kiingilio tukalipa, yeye kwa bei ya mgeni, yaishe. Kamera haijafunguka vizuri nasikia, "Dada! Dada! Picha hairuhusiwi!" Mpaka kibali. Kibali kinatolewa ofisini. Ofisini mhusika katoka. Anarudi saa ngapi? Nikatazamwa kama niliyetukana. Basi tukazunguka mikono nyuma, mbele ya chungu kilichopasuka, kama vile nina mpango wa kuuza siri zake kwa adui.

Najua mtakalosema. "Kaonja baridi kidogo, keshaanza kutudharau." Jamani, huku nimekaripiwa na bibi kizee mbele ya jengo zima kwa kutupa chupa kwenye pipa la karatasi. Siwaabudu hawa. Mwingine atasema mwanga unaharibu vitu vya kale. Sawa, nguo na karatasi zinaharibika, kwa hiyo kataza flashi. Simu isiyo na mwanga inamfanya nini jiwe? Na anayekuja na stendi na taa zake kutengeneza tangazo, huyo mpeleke ofisini, akamsubiri mhusika.

Halafu kuna zile darubini zilizosimikwa mbele ya mifupa. Ukichungulia, mifupa inajaa moyo na matumbo, kisha nyama, kisha ngozi, mara mjusi anatikisa shingo na kuanza kutembea. Binti alichungulia mara saba. Watoto wa nyuma wakaanza kunung'unika na mimi, Mungu anisamehe, sikumtoa. Kuanzia 1909 hadi 1913 ni watu wa kwetu waliochimba mifupa ile na kuibeba vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hasa. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Kwenye foleni ile sisi ndio wenyeji.

Na wewe unayeandika sasa hivi kwamba badala ya kudai mjusi arudi mimi napiga naye picha, wewe ndiye nakutaka. Nadai arudi, hata kesho. Nitakuja kumpokea bandarini na kanga mpya. Ila niambie, siku akifika, mtoto wa shule kutoka Mtama atakayeinua simu ya mjomba wake ataambiwa nini pale mlangoni? Kama jibu ni kibali, na mhusika katoka, basi tutakuwa tumemhamisha mjusi kabati tu.

Mama yangu amezaliwa Lindi, amezeekea Lindi, na hakuwahi kumwona. Kamwona Jumapili hiyo, kwenye picha ya yule mlinzi. Akanitumia sauti ya sekunde nne: "Ndiyo mjusi wetu huyo? Mbona wamemkondesha hivyo!"