Honi ya feri

Jana baada ya maghribi tulikuwa barazani Likoni, kahawa chungu na kashata. Feri ikapiga honi. Mkono wa ami ukaruka, kahawa yote kanzuni. Kijana mmoja akaangua kicheko: "Ami, feri haipandi barabarani!" Baraza zima likacheka. Ami naye akacheka, huku anapangusa kanzu kwa kiganja kinachotetemeka.

Hasira ile ningali nayo.

Ami alikuwamo kwenye feri ya Mtongwe, hapa hapa Mombasa, iliyozama tarehe 29 Aprili 1994. Watu 272 walikufa. Yeye aliokolewa, na tangu hapo tunamwita mwoga. Haketi ila karibu na mlango. Viatu huvigeuza vitazame nje, hata arusini. Wengine wanasema ana jini. Jini gani huyo anayejua ratiba ya feri?

Mtu akipatwa na la kutisha, mwili humwaga adrenalini: moyo mbio, misuli tayari. Kwa wengi, siku zikipita hutulia. (Haya, nakubali, wapo walionusurika siku ile ile na leo wanavuka wakitafuna mahamri. Hongera zao.) Kwa wengine tukio linakataa katakata kuwa la zamani. Honi ikilia, au harufu ya dizeli ikichanganyika na ya maji ya chumvi, mwili ushaingia baharini kabla akili haijawahi kusema "tuko barazani". Ami hachagui kushtuka, kama wewe usivyochagua kupiga chafya. Sasa mwili uliokesha hivyo miaka 30, usingizi utatoka wapi? Presha isipande kwa nini? Dawa za presha anameza kila asubuhi, na hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za 1994.

 

Kombe, maji yaliyooshewa aya, amekunywa, dua amesomewa. Sipingi, humtuliza. Lakini ipo pia tiba ya kuzungumza na mtu aliyeisomea, akakurudisha kwenye hofu yako pole pole, na watu hupona nayo.

Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa nilikwenda naye. Alifika kati, akashika chuma, akainamisha kichwa.

"Yanasikika chini," akaniambia. "Wewe huyasikii?"

Tukarudi.