Msimkate Clare Torry katikati ya pumzi

Juzi usiku nilikuwa napiga pasi mashati ya wiki, redio moja ikapiga "The Great Gig in the Sky" ya Pink Floyd, kundi la roki la Waingereza. Nikaiweka pasi pembeni. Kinanda cha Richard Wright kikaanza taratibu, ile sauti ya mwanamke ikaingia, ikapanda, ikapanda tena, na ilipokaribia kileleni mtangazaji akaikata akaleta tangazo la vifurushi vya intaneti. Wimbo haukurudi. Wimbo wenyewe hata dakika tano haufiki!

Sauti ile ni ya Clare Torry. Aliitwa studio za Abbey Road, London, Jumapili moja ya Januari 1973, akiwa na miaka 25. Hakupewa shairi, hakupewa hata neno moja. Akaigeuza sauti yake kuwa ala, akalia, akabembeleza, akanyamaza, akalipwa pauni 30 akaenda zake. Mpaka 2005, baada ya kufungua kesi na kupatana na Pink Floyd, ndipo jina lake likawekwa pamoja na la Wright kama mtunzi. Miaka 32 mtu anasubiri kutambuliwa, halafu wewe unamkata katikati ya pumzi.

Mimi muziki huu nilirithi. Mjomba wangu alikuwa baharia, alirudi Tanga na santuri za Waingereza wa miaka ya sabini, na utotoni nilizikimbia kwa sababu hazikuwa na kiitikio cha kushika haraka. Nimezirudia ukubwani, na ninachoweza kuwaambia ni hiki: nyimbo zile zimejengwa kama safari, na safari haina kipande cha kuruka. Chukueni "Supper's Ready" ya kundi la Genesis, iliyo kwenye albamu ya *Foxtrot* ya 1972. Dakika 23. Lahani ya mwanzo, ya upole kabisa, inarudi karibu na mwisho ikiwa imekuwa kubwa, na ngoma na vinanda vyote vimesimama nyuma yake. Mara ya kwanza nilipoisikia inarudi nilitokwa na machozi. Sasa niambieni, itamrudia vipi mtu ambaye mwanzo wake aliuruka?

Na wa kulalamikia urefu tusiwe sisi. Tumelelewa na taarab, ala zinacheza mpaka watu wakae vizuri ndipo mwimbaji asimame. Tumecheza nyimbo za Kongo tukiisubiri sebene kwa hamu. Subira ya masikio tunayo tangu zamani, redio ndizo zinazotunyang'anya.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo waliovuka mpaka. Mwaka 1973 kundi la Yes lilitoa *Tales from Topographic Oceans*, sahani mbili zenye nyimbo nne tu, kila wimbo ukijaza upande mzima. Hata mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, haikumkaa moyoni, na 1974 akaondoka. Lakini kundi hilohilo mwaka 1972 lilitoa *Close to the Edge*, na humo sioni sekunde ya kupunguza.

Halafu Queen. Tunajivuna kwamba mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja, na kwenye sherehe tunazijua zile nyimbo zake mbili tatu za baadaye. Wangapi wameisikiliza *Queen II* ya 1974? Upande wake wa pili wote aliutunga yeye, na nyimbo zinapokezana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Anzieni hapo kama dakika 23 zinawatisha.

Usiku ule nilizima redio, nikaitafuta *The Dark Side of the Moon*, albamu yenye wimbo ule, kwenye simu, nikaisikiliza tangu mapigo ya moyo yanayoifungua hadi mapigo ya moyo yanayoifunga, dakika kama 43. Torry alipofika pale alipokatwa, akapita, akashuka taratibu mpaka sauti ikawa mnong'ono.

Ndugu mtangazaji, ukisoma hapa, nakuomba uupige tena wiki ijayo. Tangazo liweke kabla.