Hesabu Haijatimia, Daktari

Swabu, kile kitambaa cha pamba cha kufyonzea damu, ikisahauliwa tumboni mwa mgonjwa ina jina lake la kitabibu: gossypiboma. "Gossypium" ni pamba kwa Kilatini. Hilo "boma" ni letu, na vitabu vyao hulifasiri kuwa maficho. Huwa nacheka, maana boma nilijualo mimi halifichi kitu, lakini kicheko hakifiki mbali. Katika maneno yote ya Kiswahili, wamekopa moja wakalitia kwenye kosa letu sisi wa thieta, chumba cha upasuaji.

Usiku mmoja tulikuwa na mama wa kujifungua kwa kisu. Mtoto katoka salama, analia. Tulianza na swabu 20. Kabla ya kufunga, mimi na mwenzangu anayehudumu nje ya meza tukahesabu kwa sauti: 19. Tukarudia, 19. Daktari, aliyesimama tangu asubuhi, akafoka: "Sista, iko kwa ndoo hiyo. Nipe uzi!"

Mwenzangu akaimwaga ndoo sakafuni, akazipanga tano tano. 19.

"Daktari, hesabu haijatimia. Uzi sitoi."

Mikono ilinitetemeka ndani ya glavu. Akashusha pumzi, akapitisha vidole nyuma ya mji wa mimba, akaivuta. Swabu ikishalowa damu huwezi kuitofautisha na nyama kwa macho. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi nikapanda feri ya Likoni kama siku zote.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani tunayo tangu 2008: vipengele 19, husomwa kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo Ifakara, hapo Tanzania, na vifo kwa jumla vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo asiniambie mtu ni mambo ya Ulaya.

Ila nimeiona fomu hiyo imejaa tiki mgonjwa angali kwenye machela, koridoni. Hata pale pa "hesabu ya swabu imetimia", ya upasuaji ambao haujaanza! Fomu ya namna hiyo ni afadhali isiwepo, maana inamlaza mtu usingizi. Mimi nataka isomwe kwa sauti, wote wakiwa wamenyamaza, na nesi awe na ruhusa ya kuzuia uzi bila kuitwa ofisini kesho yake. Sisi wa Pwani tumelelewa kutomjibu mkubwa. Nesi mgeni atasema mara moja, kwa sauti ya chini, akikemewa basi.

Halafu kuna idadi yetu. Hesabu inataka watu wawili, na zamu za usiku mara nyingi nesi mmoja wa nje huhudumia vyumba viwili. Usiku ule, lau mwenzangu angekuwa ameitwa chumba cha pili, ile ndoo ingemwagwa na nani?