Nzuri, ila…

Mwezi Machi mdogo wangu wa mwisho alinitumia wimbo kwa WhatsApp. Ulikuwa haujafika studio. Ni sauti yake tu juu ya biti aliyoipakua, amejirekodi chumbani kwetu Kihonda, Morogoro, na kwa nyuma jogoo anasikika akiwika. Chini yake aliandika: "Kaka, sikiliza mpaka mwisho ndiyo upige simu."

Niliusikilizia ndani ya gari, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Houston, zikiwa zimebaki dakika ishirini niingie zamu ya usiku. Ubeti wa kwanza ni wa mama: vitumbua, stendi ya Msamvu, alfajiri, moshi machoni. Ubeti wa pili anajisifu kwa gari, saa ya dhahabu na wasichana wanaomgombania, naye hana hata baiskeli. Ubeti wa tatu nilikuwemo mimi:

Kaka yupo Houston, picha kali kwenye simu,
Mzee anashuka kaburini, yeye katuma salamu.
Ila ada yangu nani alilipa? Ni yeye huyohuyo,
Nikilala namlaani, nikiamka ndiye moyo.

Nikapiga simu. Nikamwambia wimbo wake haujui unachotaka. Huwezi kumlilia mama aliyeungua mikono kwa mafuta, halafu dakika moja baadaye ukajisifia kumwaga pesa baa. Na kuhusu ubeti wa tatu nilimwambia achague. Kama amekasirika, akasirike moja kwa moja, na kama anashukuru, basi ashukuru. Akanijibu kwa upole, "Sawa kaka, nimekusikia."

Nilikosea. Nataka kueleza nilikosea wapi, maana naona kosa lile si langu peke yangu. Linafanywa huku niliko, na linafanywa nyumbani kila siku, ingawa kwa namna nyingine.

Nimekua enzi ambazo wazee waliuita muziki huu wa rap "kufokafoka". Sura ya rapa wa Marekani, Tupac Shakur, ilikuwa imechorwa ukutani kwa vinyozi na nyuma ya daladala, na sisi wadogo tulijifunza kuandika jina lake kabla ya kujua ameimba nini. Wimbo wake kwa mama yake, "Dear Mama", niliukariri wote kwa kufuata sauti. Siku moja nilimwimbia mama yangu jikoni, nikiamini ni sifa tupu toka mwanzo hadi mwisho. Mama akafurahi, akanipa kitumbua.

Nilikuja kuuelewa nikiwa huku, Kiingereza kimeshaniingia. Yule mama anayesifiwa, Afeni Shakur, aliyewahi kuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Wamarekani Weusi, alikuja kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, na mwanawe anayasema hayo waziwazi ndani ya wimbo uleule anaomwita malkia. Haombi radhi kwa kulisema wala halitumii kumshusha. Anaeleza jinsi alivyofukuzwa nyumbani, na anaeleza jinsi mama yule alivyopika kutokana na karibu hakuna kitu. Nilipoelewa niliona aibu kwanza. Sisi tumelelewa kuisitiri aibu ya mama, hata jirani asijue. Kisha nikausikiliza tena, nikaona kwamba ile sifa inaaminika kwa sababu ya yale mabaya yaliyo kando yake. Wimbo ule ulitoka 1995, na albamu yenye wimbo huo ilishika namba moja Marekani mwenyewe akiwa gerezani. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Gereza lile lazima nilitaje vizuri, kwa kuwa nina binti. Katika albamu yake ya 1993 Tupac aliweka wimbo wa kuwatetea wanawake, anawauliza wanaume kwa nini tunawatenda vibaya wale waliotuzaa. Katika albamu hiyohiyo kuna wimbo mwingine wa kujigamba jinsi anavyowapitia wasichana mmoja baada ya mwingine. Na kilichomfunga 1995 ni hukumu ya udhalilishaji wa kingono. Yeye alikana, mahakama ikamtia hatiani. Wako wanaosema basi ule wimbo wa kuwatetea wanawake ni uongo. Mimi nasema si uongo, na pia nasema haumsafishi. Mkono uliomuumiza mtu unajibu kwa kilichofanywa na mkono, hata mdomo ukiimba vizuri kiasi gani. Ila wimbo ule umewainua wanawake wengi ambao hawakuwahi kumwona, na mmoja wao nafanya naye kazi. Anaujua kwa moyo, anaijua na kesi, na hajawahi kuona haja ya kuchagua kimoja akatupa kingine. Mtu huyu alikufa kwa risasi Las Vegas Septemba 1996, akiwa na miaka 25. Sijui kijana wa miaka 25 ambaye nafsi yake imeshakaa upande mmoja.

Houston nayo ina wimbo wake, na ndio ulionifungua macho zaidi. Kundi la rap la Geto Boys ni watoto wa hapa, mtaa wa Fifth Ward. Walijulikana kwa mistari ya kutisha, ya bunduki na damu. Mwaka 1991 wakatoa "Mind Playing Tricks on Me", ambamo majabari haohao wanakiri kwamba wanaogopa. Mmoja halali usiku, anajigeuza kitandani, anaona kuna mtu anamfuata, na mtu yule ana kofia kama yake na fimbo kama yake. Huyohuyo asiyelala, kwenye ubeti mwingine, yuko kwenye usukani na anawaza kujiua. Wa mwisho, Bushwick Bill, anasimulia anavyompiga adui kwa nguvu zote, halafu yule mtu anatoweka, na mwenyewe anajikuta mikono inavuja damu kwa kupiga ngumi zege. Jalada la albamu yenyewe lina picha yake akiwa kwenye kitanda cha hospitali, ametoka kupigwa risasi ya jicho.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja alikulia mtaa ule. Aliniambia wimbo ule ulipotoka ulipigwa kwenye kila gari, wakacheza nao, na hakuna rafiki yake hata mmoja aliyewahi kusema, "Hata mimi silali." Waliuimba kwa pamoja kwa sauti kubwa, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kusema.

Hapo nikaanza kufikiria salamu. Huku ukimuuliza mtu hali, anakwambia nzuri, na miguu yake inaendelea kutembea. Mazungumzo yameisha. Kwetu pia jibu la kwanza ni "nzuri", hata kwa mtu anayetoka hospitali. Lakini sisi tuna neno linalofuata. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto anaumwa." "Hamjambo?" "Hatujambo, ila mvua imebeba mahindi." Hakuna anayemwambia mtu huyo amejipinga. Uzuri upo na ugonjwa upo, na vyote viwili vimesalimiwa. Kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, mama mtu analia huku akipigiwa vigelegele, na akifuta machozi anapiga kigelegele yeye mwenyewe. Nani aliwahi kumwambia achague?

Kwa Mmarekani Mweusi wa mitaa ile, rap ndiyo ilikuwa "ila" yake. Na mimi nilimpigia simu mdogo wangu kumwambia afute ya kwake.

Jambo linaloniuma ni kwamba neno hilo linanyang'anywa kote kuwili. Huku linanyang'anywa na mwendesha mashtaka. Mistari ya rap inasomwa mahakamani kama maelezo ya mtuhumiwa polisi. Novemba 2023, kwenye kesi ya rapa Young Thug kule Atlanta, jaji aliruhusu baadhi ya mistari yake itumike kama ushahidi. Mwaka mmoja kabla, 2022, California ilipitisha sheria ya kumtaka jaji apime kwanza kama mashairi ya mtu yanafaa kabisa kuletwa mbele ya baraza la mahakama. Mahakama inapotaka ushahidi inachukua ubeti wa bunduki. Ubeti wa mtu asiyelala hauchukuliwi. Msanii wa rap anahesabiwa kuwa mtu wa sauti moja, na sauti hiyo ni ile mbaya.

Nyumbani tunataka sauti moja pia, ila sisi tunataka ile nzuri. "Wimbo wako una ujumbe gani kwa jamii?" Swali hilo nimelisikia redioni tangu nina akili, na msanii lazima ajibu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Tunamwambia msanii ni kioo cha jamii, kisha tunamtaka kioo kituonyeshe tukiwa tumeshachana nywele. Nawaheshimu sana walioanza rap ya Kiswahili. Sugu na Professor Jay walifanya wazazi wetu wakae kusikiliza muziki waliokuwa wakiudharau, na hilo liliwezekana kwa sababu ulikuwa na mafunzo. Lakini tazameni kilichobaki vichwani mwetu. "Ndio Mzee" ya Professor Jay haikuhubiri. Alivaa sauti ya mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana, umati unaitikia ndiyo, na sisi tulicheka, tukaitikia pamoja nao, tukajijua kuwa ndio tunaodanganywa na ndio tunaopiga makofi. Mwaka 2015 mtu huyohuyo akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, mkoani kwetu. Sugu alikuwa ameshatangulia bungeni tangu 2010, kwa watu wa Mbeya Mjini. Sioni ubaya wowote hapo. Nilitamani tu siku moja Professor aimbe ilivyo kusimama jukwaani kweli, na umati ni wa kweli, na wewe ndiye uliyeuandika wimbo ule.

Machi 2017 msanii wa rap Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo "Wapo", ulioonekana kuikosoa serikali. Haikupita muda waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe, wimbo upigwe, na ikibidi aongeze wengine wa kuwataja, wakwepa kodi na wauza unga. Watu walishangilia, hata mimi nilishangilia huku nikiwa na vyombo vya chakula cha wagonjwa mikononi. Baadaye ndipo nikajiuliza. Kumbe wimbo ni mbaya au mzuri kulingana na ujumbe ulioonekana na mkubwa wa siku hiyo?

Sasa nirudi kwenye ubeti wa tatu, ambao nimeuzunguka kwa sababu unauma.

Baba alifariki mwaka juzi. Makaratasi yangu yalikuwa bado yanashughulikiwa, na mwanasheria alinieleza wazi kuwa nikitoka nisitegemee kurudi. Nilituma pesa ya jeneza, ya turubai, na ya basi la kuwapeleka watu makaburini Kola. Mazishi niliyaona kwenye simu ya binamu yangu, picha inakatikakatika. Kesho yake usiku niliingia kazini, nikalia huku nikibadilisha shuka za mzee mwenye umri wa baba. Na kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Ndani ya kilio kile kulikuwa na nafuu. Nafuu ya kutosimama mbele ya wajomba wakiniuliza miaka yote hii nimejenga nini. Kulikuwa na wivu pia, kwa mdogo wangu aliyeshika mchanga kwa mkono wake akautupia. Kulikuwa na hasira kwa baba kwa kutonisubiri. Na upendo, ambao sikujua ni mkubwa kiasi kile.

Wiki ileile niliweka picha, nimeegemea gari la mkopo, nimecheka. Ndiyo picha anayoitaja mdogo wangu.

Kwa hiyo ubeti wa pili, ule wa kujisifia saa na gari ambao nilimwambia ni wa kijinga, niliuandika mimi kabla yake. Niliuandika kwa picha, miaka kumi na moja mfululizo, kwa kubeba boksi na kuosha wazee usiku, huku nikiwaonyesha nyumbani mchana tu. Yeye alichofanya ni kuweka fahari ile kando ya moshi wa vitumbua, ndani ya wimbo mmoja, dakika tatu na nusu. Mtu anayetoka kwenye moshi ule ataota dhahabu, na akiiota atajisikia vibaya kwa mama yake, na kesho ataiota tena. Hivyo vitu vinakaa chumba kimoja. Najua, nimelala chumba hicho.

Vijana wanaochana rap huko nyumbani, nawaomba, msikubali mtu awalazimishe kumaliza ugomvi wa moyo kabla ya kuingia studio. Na ninyi mnaouliza ujumbe, jaribuni siku moja kumuuliza msanii ni mstari upi ulimwia mgumu kuuimba mbele ya mama yake.

Jumapili iliyopita nilimpigia tena. Nilimwambia aurudishe ubeti wa pili kama ulivyokuwa, na kwamba pesa ya studio nimeshaituma. Alikaa kimya kidogo, nikasikia redio ya mama kwa mbali.

"Na ule wa tatu, kaka?"

Nikamwambia auache wote, asipunguze hata neno.

"Kwenye kurekodi niseme 'kaka' tu," akauliza, "au nitaje jina lako?"

Nikamwambia alitaje.